Mguu Juu ya Tairi

 

Nianze na mtu ambaye wengi wenu mmepita mbele yake bila kusimama. Ni fundi wa katambuga. Wapo wengi katika mji huu wa Arusha, kandokando ya masoko na kwenye magulio, kila mmoja na turubai lake, kisu, nyundo, misumari midogo na rundo la matairi yaliyochoka. Ukimwendea kutaka viatu hakuulizi unavaa namba ngapi. Anakata kipande cha tairi, anakilaza chini, anakwambia vua, kanyaga. Unakanyaga. Anainama na kuuzungushia mguu wako mstari kwa chaki au kwa ncha ya kisu. Kisha, kama kweli anaijua kazi, anafanya jambo ambalo mteja halitambui: anakiokota kiatu ulichovua na kukigeuza. Anatazama kisigino kimelika upande gani. Akishaona hivyo amejua kama unaelemea nje au ndani, na pengine amejua kama unashinda umesimama au unashuka na kupanda Mlima Meru kila siku. Ndipo anapokata mikanda.

Nilikaa na fundi mmoja wa namna hiyo asubuhi nzima. Hana msaidizi wala mshirika. Katika saa zile zote hakuna aliyempa wazo, na bado sikumwona hata mara moja akifikiri peke yake, maana muda wote kulikuwa na mguu wa mtu juu ya tairi. Kisu kikienda vibaya, mguu ulimwambia palepale.

Nimeombwa nizungumze juu ya kubuni ukiwa peke yako. Vyuoni siku hizi kubuni kuna jina, fikra za usanifu, na kuna historia. Mwaka 1969 mwanazuoni wa Marekani, Herbert Simon, aliandika kwamba yeyote anayepanga njia ya kuitoa hali iliyopo na kuifikisha kwenye hali inayotakiwa zaidi anafanya usanifu, awe mhandisi au daktari. Miaka 30 baadaye, mwaka 1999, televisheni ya Marekani iliionyesha kampuni ya IDEO ya California ikipewa siku 5 ibuni upya toroli la supamaketi. Watazamaji waliona chumba kilichojaa watu wa fani mbalimbali, kuta zimebandikwa vikaratasi, kila mtu akirusha wazo lake. Picha ile ilisafiri sana. Chuo Kikuu cha Stanford kikaanzisha taasisi ya kufundisha mtindo huo, na hatua zake tano zikaenea duniani: kumwelewa mtu, kulitaja tatizo, kuzaa mawazo, kutengeneza mfano, kuujaribisha.

Hatua hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na ile picha ya chumba. Kijana wa Sakina anayetengeneza simu kwenye kibanda cha mita mbili anaitazama picha ile na kujiambia kwamba jambo hili ni la wenye timu. Binti wa Ngaramtoni aliyebuni namna mpya ya kupanga mboga zisinyauke kabla ya kufika sokoni aliniambia kwa uchungu: "Mwalimu, mimi sina timu. Nina mama yangu na bodaboda wa kukodi." Nimelisikia neno hilo, sina timu, kwa sauti ileile ambayo watu husemea sina mtaji. Na mimi mwenyewe, tangu nilipostaafu kufundisha ufundi, nimefanya kazi katika banda moja nyuma ya nyumba yangu, upande wa Maji ya Chai, bila mwenzangu hata mmoja. Kwa hiyo nimelazimika kujiuliza: kile chumba cha California kinampa mtu nini hasa, ambacho mtu mmoja hana?

Mikono? Mikono inakodishwa. Mawazo? Kila mtu anayo mengi kuliko muda wake. Nimekuja kuamini kwamba chumba kile kinatoa kitu kimoja tu ambacho mtu mmoja hawezi kujitengenezea kwa urahisi, nacho ni kubishiwa. Yupo mtu anayesema hapana, sikubali, hiyo haitasimama. Nyani haoni kundule, na mbunifu aliye peke yake ni nyani asiye na nyani mwingine nyuma yake. Basi kazi ya kwanza ya anayebuni peke yake, kabla ya kushika msumeno, ni kupanga atabishiwa na nani, lini, na kwa njia gani.

Nilijifunza hilo kwa maji.

Mnaoishi chini ya Meru mnajua ninachotaka kusema. Mlima huu, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano, na miamba yake inayapa maji yetu madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linataka lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Kwa miaka mingi kiwango cha nchi yetu kiliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu tungefuata kile cha dunia, vyanzo vingi vingefungwa na watu wangekosa maji kabisa. Tunayaona matokeo midomoni mwa watoto wetu, meno ya kahawia yenye mabaka, na kwa baadhi ya wazee tunayaona kwenye mifupa na viungo vilivyokakamaa. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwenye sufuria floraidi inabaki, kwa hiyo kinachosalia kina floraidi nzito zaidi kuliko ulichoanza nacho.

Jirani yangu analea wajukuu watatu. Yule wa kati, msichana wa miaka minane, huweka kiganja mdomoni anapocheka. Nilipoliona hilo mara ya tatu sikuweza kulivumilia. Nikaingia bandani. Dawa niliijua, maana haikuwa siri. Kule Ngurdoto serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na kwa muda mrefu wamefanya kazi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa vizuri, kiasi cha nyuzijoto 400 hadi 500, inayanasa madini hayo maji yanapopita. Ikitoka nyeusi haijaiva, na maji yatanuka. Ikitoka nyeupe imepitiliza, nguvu yake imekufa. Inatakiwa kijivu chenye ukahawia. Nilitengeneza chujio la ndoo mbili za lita 20, moja juu ya nyingine, kwenye stendi ya chuma iliyopakwa rangi ya bluu, na koki nzuri chini. Nilipaka rangi ile mara mbili ili isichubuke. Nikampelekea jirani yangu, akashukuru, akapiga vigelegele.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Stendi ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ndoo ya juu ilikuwa kavu. Ndoo ya chini ilikuwa na maji, nikapewa bilauri moja, na nikaambiwa, "Mwalimu, maji yako ni matamu sana. Tunakushukuru."

Ningekuwa na timu, labda mmoja wetu angeuliza swali kali. Mimi nilikuwa peke yangu, mzee, mwalimu, niliyemfundisha hata mwanawe. Nani angeniambia ukweli? Hapa ndipo vitabu vya ng'ambo vinapotuacha njiani, maana vimeandikwa na watu ambao kwao mgeni akiuliza "unakionaje?" atajibiwa kinavyoonwa. Kwetu swali hilo lina jibu moja la heshima. Ukilileta mbele ya mama wa Kimeru aliyepokea zawadi, umemfungia mlango wa kusema. Heshima yetu ni mali kubwa, sitaki mtu aiguse. Lakini anayebuni miongoni mwa watu wenye heshima inampasa ajue kwamba sifa atakazopewa hazimsaidii kupima chochote.

Nilichukua muda kuelewa nifanye nini. Niliacha kuuliza kabisa. Siku moja nilimwomba jirani yangu ruhusa ya kushinda jikoni kwake. Alishangaa, akanipa kigoda. Nilikaa kuanzia moto ulipowashwa mpaka makande yalipoiva, na nikaandika kila safari ya maji: nani amechota, kwa chombo gani, amemimina wapi.

Niliyoyaona sitayasahau. Maji hayachotwi na bibi, yanachotwa na yule msichana wa miaka minane, na mdomo wa ndoo yangu ya juu ulikuwa juu ya kichwa chake. Asingeweza kuinua hata lita tano kufika pale. Makande peke yake yalikula maji mengi kuliko chujio langu lilivyotoa tangu alfajiri, na kwa hiyo yalipikwa kwa maji ya bomba, kama siku zote. Kisha, maharage yalipokawia kulainika, bibi alichota magadi kwenye kopo na kuyatia. Magadi ya kwetu huku yamepimwa na watafiti na kukutwa na floraidi nyingi. Mimi nilikuwa nimehangaika na maji ya kunywa huku floraidi ikiingia kwa kijiko mbele ya macho yangu. Mchana alikuja mkwe wake, Mwislamu, akalisogelea chujio na kuniuliza kwa upole kama najua mifupa ile ni ya mnyama gani na amechinjwaje. Sikuwa na jibu. Nikaelewa kwa nini yeye na mumewe hawayanywi.

Na lile chujio sebuleni? Maji yake yalikuwa yamefanywa maji ya wageni. Yalikuwa matamu na adimu, tena yametoka kwa mwalimu, kwa hiyo yalihifadhiwa kwa heshima. Watoto, ambao ndio niliowatengenezea, hawakuyagusa. Na watoto ndio wenye haraka, kwa sababu meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi katika miaka ya mwanzo, takriban mpaka umri wa miaka minane. Baada ya hapo yale yaliyoharibika hayarudi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo niliufundisha darasani kwa miaka mingi nikidhani naujua.

Nilirudi bandani na daftari lenye kurasa kumi na moja, na kwa mara ya kwanza niliandika tatizo upya. Mwanzo nilikuwa nimeandika: familia haina chujio. Sasa niliandika mambo matatu yasiyofanana. Mtoto hawezi kumimina. Maji ya makande hayamo kwenye hesabu. Magadi ni sehemu ya maji. La tatu halikuhitaji chuma wala rangi. Maharage na mahindi yakilowekwa tangu usiku yanalainika bila magadi au kwa magadi kidogo mno. Kitu kilichopunguza floraidi kwa kiasi kikubwa zaidi katika nyumba ile, naamini, ni sufuria yenye mfuniko iliyowekwa sakafuni kabla ya kulala. Kwa maji ya kupikia tuligeukia paa la bati na mfereji wa kukinga mvua, kwa kuwa maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Masika ikinyesha vizuri, pipa linafaa.

Nimelikalia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu linaonyesha kubishiwa kunavyotokea pasipo mtu kubisha. Bibi yule hakunipinga hata kwa neno moja. Jiko lake lilinipinga.

Sasa niseme kuhusu hali ya bandani, maana mtu hawezi kushinda jikoni kwa watu kila siku. Ukiwa peke yako na kazi yako, nani akubishie? Jibu langu ni: wewe wa wiki ijayo. Sisi tuna neno zuri kwa hili, kiporo. Chakula cha jana kikilala, asubuhi kina ladha nyingine. Vivyo hivyo mchoro. Nikimaliza kuchora, au kuunda mfano, nauweka kiporo siku saba, nimeufunika kwa gunia, na katika siku hizo nafanya kazi nyingine kabisa, nachuma kahawa au napalilia migomba. Ninapoufunua siufunui kama mwenyewe. Nauzunguka kama mnunuzi aliyefika kwa gari la Noah kutoka Usa River, mwenye haraka na mwenye kutia shaka. Kasoro ambazo siku ya kwanza zilijificha nyuma ya uchovu na mapenzi zinaonekana wazi.

Kiporo pekee hakitoshi, kwa sababu akili ni hodari wa kujisamehe. Ndiyo maana naandika utabiri. Kabla ya kujaribu kitu chochote naandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, ninachodhani kitatokea, kwa namba. Nilipopeleka chujio la pili niliandika: litajazwa mara mbili kwa siku. Lilijazwa mara moja kwa siku mbili. Kama nisingeandika, ningejiambia kwamba mara moja kwa siku mbili si haba, na huenda ningeamini kwamba ndivyo nilivyotarajia. Wino ulinikatalia. Mtu mwenye timu anao mashahidi. Asiye nayo ajitengenezee shahidi kabla ya tukio.

Jambo la tatu linahusu urembo. Ile stendi ya bluu ilikuwa kosa, na kosa lilikuwa rangi. Kitu kikishapendeza, watu wetu wanakiheshimu, na wakikiheshimu hawakigusi wala hawakisahihishi. Siku hizi naunda kwa maboksi, gundi, kamba za katani na waya wa uzio. Nikipeleka koki ya mbao iliyofungwa kwa raba, mtoto anacheka, anainyakua na kuniambia, "Babu, ingekuwa hivi." Kwa shilingi chache napata ubishi ambao kwa stendi ya bluu nisingeupata kwa fedha yoyote. Kwa hiyo vijana, msikimbilie kupiga rangi.

Nataka kutofautisha kubishiwa na kuchekwa, kwa sababu wapo walioumizwa na la pili wakakata tamaa na la kwanza. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya Magamba huko Tanga, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo, akaharakisha kuweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, bado alikuwa na swali lake, na akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wenzake wakamcheka. Osborne alifanya kitu ambacho waliocheka hawakukifanya: aliporudi, alilipeleka swali kwenye majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jina la Mpemba limebaki kwenye vitabu vya fizikia vya dunia nzima, ambako wanasayansi bado wanabishana juu ya sababu na hata juu ya tukio lenyewe.

Waliomcheka kijana yule hawakumpa chochote cha kushika. Aliyempinga kwa kipimajoto alimpa. Mkiwa peke yenu mtakutana na vicheko vingi zaidi ya vipimajoto, na ni lazima mjue kuvitenga. Ninapochekwa naandika kilichosemwa, kisha najiuliza kama ndani yake kuna jambo linaloweza kupimwa. Likiwamo nalichukua. Lisipokuwamo nafunga daftari.

Mfano mwingine wa mtu aliyeanza na macho yake mwenyewe upo hapa karibu. Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno za kinano. Alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akasoma hadi Korea Kusini, akarudi. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Gazeti husimulia tuzo. Mimi hunivutia jambo jingine: chujio lake hupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, kwa sababu maji ya kijiji kimoja hayana kasoro za kijiji cha pili. Huo ni uelewa wa mtu aliyekulia penye maji mabaya. Ana maabara, ana wenzake, sitaki kumfanya mpweke ambaye si yeye. Ila macho yale ya kwanza hakupewa na timu. Alitoka nayo Gongali.

Na yupo Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli wa mji huu. Mwaka 2008 alihudhuria huko Marekani, katika chuo cha MIT, mkutano wa kimataifa wa ubunifu ulioasisiwa na Amy Smith na wenzake. Alikuwa fundi kabla ya safari ile, na alirudi kwenye baiskeli zilezile. Kutokana nazo akabuni pampu ya maji ya kukanyagia na chaja ya simu. Mwaka 2014 mkutano huo ulifanyika hapahapa Arusha. Kiwia pia alishiriki kujenga karakana ya ubunifu iitwayo Twende, ambako mtu anaweza kuingia na wazo lake akakuta zana na watu wa kumwangalia akifanya. Karakana kama hiyo haikupi timu. Kila mtu amekuja na lake na ataondoka nalo. Lakini ukichomelea chuma kwa pembe mbaya, yupo wa meza ya pili atakayeinua macho. Kuinua macho huko ndiko ninakokutafuta.

Nami hukopa macho ya wengine. Kuna fundi wa kuchomelea huko Unga Limited ambaye simlipi kwa mawazo, namlipa kwa kazi. Nampelekea mchoro na kunyamaza. Akiutazama sekunde kumi na kuanza kukata, mchoro ni mzuri. Akiugeuza upande, akajikuna kidevu, nimeshajua kuna ulipokosea, hata kabla hajasema. Nina pia mama anayeuza ndizi Tengeru, hajui kusoma michoro, ila ukimpa kitu chenye mpini anajua baada ya hatua tatu kama kitaumiza kiganja. Hawa hawajui kwamba ni wanajopo wangu. Kila mmoja anatoa robo saa kwa mwezi. Ukiwahesabu wote, ni wengi kuliko wale wa chumba cha California.

Wengine watasema: huo si upweke tena. Nakubali, na ndiyo hoja yangu. Azimio lililochukua jina la mji huu mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea, na wapo waliolielewa kama kujifungia. Fundi wa katambuga anajitegemea kwelikweli, na hawezi kukata kiatu bila mguu wako.

Lakini yapo ambayo mtu peke yake asiyaguse, na ningekuwa nimewadanganya nisipoyasema. Mkaa wa mifupa unachoka. Baada ya muda unajaa, na floraidi inapita kama hakuna chujio, na maji hayabadiliki rangi wala ladha kukuonya. Jicho langu, daftari langu, kiporo changu, vyote ni bure mbele ya jambo hilo. Kinachotakiwa ni maabara. Kwa miezi kadhaa ya mwanzo sikupima. Niliona watu wanakunywa na kufurahi, nikatosheka, na sijui mpaka leo wajukuu wa jirani yangu walikunywa nini katika miezi ile. Hilo linaniuma. Kitu kinachoingia tumboni mwa mtu, kitu kinachobeba umeme wa gridi, kitu kinachobeba mtoto barabarani: hivi visijaribishwe kwa kuona tu. Mji wetu una milango mingi ya kubisha hodi kuliko miji mingine. TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, ipo tangu 1980; CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo, ipo, na mtambo wake wa gesi ya samadi wenye umbo la kuba umeingia katika vitabu vya fani hiyo duniani. Chuo cha Ufundi kipo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo. Wabunifu wengi wa peke yao wanaogopa mageti. Wanadhani wataulizwa cheti, au wataibiwa wazo. Mimi nasema wazo lililojificha halibishiwi, na lisipobishiwa litakufa bandani likiwa na rangi nzuri. Nendeni na swali moja tu, lililoandikwa, lenye namba: maji haya yana floraidi kiasi gani kabla na baada? Swali la namna hiyo hujibiwa.

Nimebakiwa na dakika chache, nami sitazitumia kusema.

Hapo mlangoni, mkono wa kulia mnapotoka, kuna ndoo yenye koki. Ni koki ya nne. Imetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeshika kikombe kwa mkono mmoja na kumshika mdogo wake kwa mkono wa pili, kwa hiyo inafunguka kwa kusukumwa na ukingo wa kikombe. Maji yaliyomo ni maji ya kunywa ya kawaida, mimi ndiye niliyeyanunua asubuhi. Leo inajaribiwa koki. Sikuweka maelezo, na naomba aliyekwisha kuiona asimwelekeze mwenzake. Waliokuja na watoto, waacheni watangulie. Vikombe viko kwenye sinia.

Katika daftari nimeshaandika, saa nane mchana, nadhani wangapi kati yenu watapata maji kwa jaribio la kwanza. Nitakaa pale kwenye benchi, na sitasema kitu.